Biryogo Ilikuwa Kambi: Historia Fupi ya Meza za Kigali

Mtu akipata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Kigali, awe anaenda hospitali, anafuata karatasi za HCR ama anasalimia ndugu, akirudi ataulizwa juu ya hospitali na karatasi, ndiyo. Lakini haupiti muda mrefu kabla ya mtu kumuuliza: "Na kule ulikula wapi?" Wafanyakazi wa mashirika nao, wakirudi kutoka mapumziko ya wikendi, utawasikia wakiulizana hivyo hivyo. Mlikaa wapi? Nyama ya pale ikoje? Bia ilikuwa baridi?

Watu wanaona hilo ni swali la starehe tu. Mimi naliona ni swali la historia. Ukifuatilia nani alifungua mahali gani katika mji ule, nani alipika nini na kwa sababu gani, unakutana tena na tena na mtu wa aina moja: aliyetoka mbali, akafika na sufuria yake na lugha yake, akawekwa pembeni, akaanza kuuza chakula. Sehemu kubwa ya meza ambazo Kigali inajivunia leo zilipangwa na watu wa namna hiyo. Sisi tunaosoma jarida hili tukiwa Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme ama Mugombwa tuna sababu ya kuijua hadithi hiyo.

Kula ndani, kunywa nje

Kwanza tuelewe jambo moja kuhusu Rwanda ya zamani. Kunywa lilikuwa jambo la watu wengi, kula lilikuwa jambo la nyumbani. Urwagwa wa ndizi na ikigage cha mtama vilinyweka kwa pamoja: chombo kimoja, mrija unazunguka kutoka mkono hadi mkono. Bila pombe hakuna posa, hakuna mahari, na ugomvi wa majirani hauishi. Lakini mtu mzima kula mbele za watu ilikuwa aibu. Mfalme hakutakiwa kuonekana akila. Watu wenye heshima walisifiwa kwa maziwa, na mtu wa kutajataja chakula alionekana mlafi. Mpaka leo utakuta mzee Mnyarwanda ambaye hawezi kutembea barabarani akitafuna hindi, hata njaa imuume vipi.

Kwa hiyo pombe ilipata nyumba yake mapema, ile tunayoiita kabare. Mgahawa ulikuwa habari nyingine. Ulihitaji watu ambao kwao kukaa kwenye benchi, kuagiza sahani na kula huku wapita njia wanaangalia ni jambo la kawaida. Watu hao walikuja kutoka upande wa pwani.

Waswahili na kibali

Kigali kama mji ilianza mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake kwenye kilima cha Nyarugenge. Nyumba inayobeba jina lake sasa ni makumbusho. Lakini Kandt hakuwa peke yake. Wakati ule wa Wajerumani walikuja askari, wapagazi, makarani, wapishi na wachuuzi, na pia Wahindi na Waarabu wenye maduka. Wengi walikuwa Waislamu, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah pale Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913, wakati Kigali bado ni kijiji tu.

Mwaka 1916 Wabelgiji wakachukua nchi. Waliwaangalia watu hawa kwa jicho baya: walikuwa watu wa Mjerumani, hawakuwa Wakatoliki, tena hawakuwa na chifu wa kuwaamuru. Wakawakusanya Biryogo, upande wa chini ya mji. Mtaa kama huo uliitwa kambi ya Waswahili. Kutoka kwenda sehemu nyingine ya nchi kulihitaji kibali, na mtu wa nje naye hakuingia na kukaa kama anavyotaka.

Ndugu msomaji, soma tena hayo maneno mawili: kambi, kibali.

Watu wa Biryogo hawakuwa na mashamba ya ukoo. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto asiyebatizwa alipata shida kuingia. Wakabaki na kazi za mjini: udereva, ushonaji, uchinjaji, uchuuzi na upishi. Mji ukawatania na kuwaogopa. Hata leo, ukimwita mtu "umuswahili" kwa Kinyarwanda, mara nyingi unamaanisha mjanja, mtu wa maneno mengi, usimwachie pesa yako.

Lakini sikiliza maneno ya jikoni. Meza kwa Kinyarwanda ni ameza. Sahani ni isahani. Sufuria ni isafuriya. Mchele ni umuceri, chai ni icyayi, andazi ni irindazi, sambusa ni isambusa. Lugha haikopi neno bila kitu. Kila neno hapo linaonyesha kitu kilichofika na watu waliosema Kiswahili, kikauzwa, kikapendwa, kikaingia nyumbani kwa Mnyarwanda. Waliitwa wajanja, na chai yao ikanywewa.

Mwaka 2017 bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Ile lugha ya kambi, leo ni ya serikali.

Primus na nyama ya kijiti

Kiwanda cha bia cha Rwanda, Bralirwa, kilianzishwa mwaka 1957 kule Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, hatua chache kutoka Goma. Primus ilianza kutengenezwa hapo mwaka 1959. Jina lenyewe lilikuwa limeshazoeleka Kongo. Kwa hiyo mtu wa Masisi ama Rutshuru akikuta chupa ya Primus kwenye meza ya Kigali hahitaji mkalimani.

Uhuru ulikuja mwaka 1962 na Kigali ikafanywa mji mkuu. Wakati huo ilikuwa na watu kama 6,000 hivi, wachache kuliko kambi zetu nyingi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7. Makarani, wanajeshi, madereva na wafanyakazi wa majumbani walikuja mjini bila familia. Jioni wanakwenda wapi? Kabare.

Na kwenye kabare ndipo aibu ya kula hadharani ilipopatiwa ufumbuzi. Ninavyoona mimi, buroshete ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Neno ni la Kifaransa, ingawa mtu wa pwani akiiona ataita mshikaki. Ni nyama ya mbuzi kwenye kijiti, pembeni kuna ndizi ya kuchoma ama viazi, na pilipili. Huli "chakula" pale. Unasindikiza bia. Hakuna atakayesema umekuja kujaza tumbo. Kwa ujanja huo mdogo watu walizoea kutafuna mbele ya wenzao, na leo ni vigumu kukuta kabare ya Kigali isiyo na mtu wa jiko la mkaa uani. Kuna zingalo, yaani utumbo wa mbuzi uliosokotwa kwenye kijiti. Kuna akabenzi, nyama ya nguruwe, ambayo watu husema ilipewa jina la gari la Mercedes-Benz. Na subira unahitaji: agiza nyama kabla hujakaa, maana jiko la kabare halina haraka na mtu.

Kuna na sambaza, wale samaki wadogo wa kukaanga wanaoliwa wazima na kichwa chake. Watu wengi wanadhani ni samaki wa asili wa Kivu. Kumbe walitolewa ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata samaki kwenye sahani yako ni mhamiaji, na sasa hakuna anayemuuliza karatasi.

Hoteli ya bwawa na hoteli ya Lando

Mwaka 1973 ilifunguliwa Hôtel des Mille Collines, mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji. Hapo ndipo walipokaa mabalozi, maofisa, wataalamu wa kigeni na wenye pesa wa mji, kando ya bwawa la kuogelea, glasi mkononi. Mtu wa Biryogo aliyefika pale huenda alifika kama dereva ama mpishi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, upande wa Remera, palikuwa na mahali pa namna nyingine: Chez Lando. Mwenyewe aliitwa Landoald Ndasingwa, Mnyarwanda aliyesoma Kanada na kurudi na mke wake Mkanada, Hélène Pinsky. Jina la hoteli ni ufupisho wa jina lake. Palikuwa na vyumba, mgahawa, muziki na buroshete. Lando aliingia siasa, akawa kiongozi katika chama cha Liberal na waziri wa kazi na mambo ya jamii. Alikuwa Mtutsi. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari, aliuawa pamoja na Hélène, watoto wao wawili na mama yake.

Katika wiki zile zile, watu zaidi ya 1,200 walijificha Mille Collines. Maji ya bomba yalipokatwa walikunywa maji ya bwawa. Bwawa lililochimbwa kwa starehe ya wageni likawa kisima cha wakimbizi. Na mjini, kabare zile zile ambazo majirani walinywa pamoja, baadhi yake ziligeuka mahali pa wauaji kukutana na kulewa baada ya "kazi". Nasema hili kwa sababu historia ya starehe ikiacha mwaka 1994 itakuwa uongo. Biryogo na Nyamirambo nako watu waliuawa. Lakini kuna ushuhuda mwingi wa Waislamu wa mitaa ile waliowaficha majirani zao, kabila lolote. Wale waliokuwa wamefungiwa pembeni walijua maana ya kufungua mlango.

Baada ya vita, Anne-Marie Kantengwa, dada yake Lando, aliisimamisha tena hoteli. Alikuwa amepoteza watu wengi wa nyumba yake. Angeweza kuuza kiwanja na kuondoka. Aliacha jina la kaka yake mlangoni, na Chez Lando mpaka leo inauza nyama ya mbuzi kwenye njia kuu ya Remera. Ukikaa pale, kula polepole.

Waliorudi na sufuria zao

Kisha wakaja waliorudi. Watu karibu 700,000 ambao wao ama wazazi wao walikimbia Rwanda kuanzia mwaka 1959 walirudi baada ya Julai 1994. Wengi hawakuwahi kuiona Kigali. Walikuwa wamekulia Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania, katika makambi, vijiji na miji ya watu wengine. Mji ukawapa majina ya utani kulingana na walikotoka: wa Uganda Abasajya, wa Kongo Dubai. Utani wenyewe haukuwa mzuri kila wakati.

Ila kila kundi lilikuja na jiko lake. Wa Uganda walileta matoke ya kuponda. Wa Kongo walileta ugali wa kukaza, sombe ya mawese, samaki wa chumvi, na muziki wa Kinshasa uliojaza kabare za usiku. Wa Burundi walileta maharage ya mawese na uhodari wa kuchoma samaki wa Tanganyika. Wa Tanzania walileta wali na mchuzi wa nazi, na Kiswahili kirefu chenye adabu.

Wakati huo mji ulikuwa na watu wengi wasio na mke, mume ama mama wa kuwapikia. Wengine hawakubaki na mtu yeyote. Mahali pa kula pakawa nyumba. Ndipo ukaenea ule mtindo tunaouita melanji: bei moja, sahani moja, unajipakulia mara moja tu. Wali, viazi, ndizi, maharage, sombe, kachumbari, halafu mhudumu anakuwekea kipande cha nyama juu kwa mkono wake mwenyewe, maana hapo hawakuamini. Utaona vijana wakijenga sahani kama mafundi, viazi chini kama msingi, ugali pembeni kama ukuta. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya mgao anaielewa haraka hesabu ya melanji.

Zikaenea pia bar za maziwa. Hapo hakuna pombe. Kuna maziwa fresh ya moto na ikivuguto, yaani mtindi, kwa kikombe kikubwa, pamoja na chapati ama andazi. Watu walioacha ng'ombe kijijini wanakunywa pale kumbukumbu zao. Kwa mama mwenye watoto, ama kwa mtu anayeogopa makelele ya bia, hakuna mahali pa amani zaidi katika Kigali.

Kahawa, vilima na sheria

Kahawa ililetwa Rwanda na wamisionari, kule Mibirizi, mwaka 1904. Kwa miaka mia moja mkulima aliilima bila kuinywa. Mwaka 2007 Arthur Karuletwa alifungua Bourbon Coffee katikati ya mji, na kukaa na kikombe cha kahawa ya nyumbani kukawa fasheni. Mwaka 2008 familia ya Kimarekani, Josh na Alissa Ruxin, ilifungua mgahawa wa Heaven kule Kiyovu. Mwaka huo huo wa 2008, Kiyovu ya maskini, mtaa wa nyumba za udongo kwenye kilima hicho hicho, ulibomolewa na watu wake kuhamishwa nje ya mji. Mambo haya mawili hayakusababishana, ila yalitokea mwaka mmoja, kilima kimoja. Vibanda na kabare za mtaa ule viliondoka pamoja na nyumba.

Mwaka 2020 Dieuveil Malonga alifungua Meza Malonga. Huyu ni mtoto wa Kongo-Brazzaville aliyelelewa Ujerumani, akawa mpishi mwenye jina Ulaya. Aliamua kupika vyakula vya Afrika nzima, na akachagua Kigali. Bei yake si yetu, tuseme ukweli. Lakini sikiliza jina: meza, neno lile lile lililopanda kutoka pwani.

Mwaka huo huo korona ikafunga kila kitu. Migahawa iliruhusiwa kufunguliwa tena Mei 2020, lakini mabaa yalingoja hadi Septemba 2021. Unajua walichofanya wenye kabare? Walinunua sahani. Kabare ikawa mgahawa, bia ikasindikiza chakula. Ile aibu ya zamani ikapinduliwa na amri ya afya. Halafu kuanzia Septemba 2023 serikali iliagiza mahali pa starehe pafungwe saa 7 usiku siku za kazi, na saa 8 usiku Ijumaa na Jumamosi. Shisha ilikuwa imeshapigwa marufuku tangu Desemba 2017. Ukiwa mgeni, ujue hayo, usije ukagombana na mtu wa usalama.

Na Biryogo? Mwaka 2021, ili migahawa ipate nafasi ya hewa wakati wa korona, mji ulifunga magari kwenye mtaa wake. Lami ikapakwa rangi, meza zikatolewa barabarani, miavuli ikafunguliwa. Jioni utaona Waislamu waliotoka kuswali, wanafunzi, watalii, mabosi wa ofisi, wote wanakunywa chai ya tangawizi na ya mnanaa, wanakula pilau na nyama ya kuchoma. Mtaa ambao miaka mia moja iliyopita ulihitaji kibali, leo watu wanavuka mji mzima kwenda kukaa pale.

Ukifika, kaa wapi?

Kwa wewe unayetoka kambini na franka chache: ukishuka Nyabugogo, saa 6 mchana fuata madereva. Dereva hajui mapambo, anajua sahani iliyojaa. Jioni panda Biryogo. Kiswahili chako pale si cha mkimbizi, ni cha mwenyeji, na hakuna atakayekushangaa. Ukitaka bia na buroshete, Remera na Kimironko kuna kabare za kila mfuko. Uliza bei kabla ya kukaa. Hiyo ni akili, haina aibu yoyote.

Kwa ninyi ndugu zetu wa mashirika: Kimihurura ni pazuri, kapumzikeni. Lakini msiishie hapo. Nendeni Nyamirambo kwa miguu. Na mkiwa kambini, ile saa ya mchana ambapo wengi mnakula kwenye ofisi ama ndani ya gari, njooni sokoni. Sisi pia tuna malewa. Kuna mama anayeuza sombe na ugali, kuna kijana wa chapati, kuna chai ya maziwa kwenye benchi la ubao. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na msaada wa chakula unapopunguzwa, benchi hilo ndilo linalolipa sabuni na daftari la mtoto. Ukikaa pale na kulipa, yule mama hakuhesabu kama mfadhili. Wewe ni mteja, na yeye ni mwenye mgahawa.

Nina ombi moja la mwisho, kwa wote. Jina la Kandt limeandikwa kwenye ukuta wa makumbusho. Jina la mtu aliyeuza sahani ya kwanza ya pilau Biryogo hakuna aliyelichora ukutani. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2021, wakati mmomonyoko ulipokula kilima, na wenzetu wakahamishiwa Mahama. Miaka 24 ya chai, chapati na maharage iliondoka na mabati. Walioipika bado wako hai, wengine wanapika tena Mahama leo. Waulizeni: nani alianza, mwaka gani, kwa mtaji gani, sahani ya kwanza ilikuwa bei gani, mteja wa kwanza alisema nini. Mkipata ruhusa yao, andikeni, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya mgao, mtuletee tuchape.